Chungwa, limau, ndimu au bergamoti: uchague mafuta gani ya maganda?

Ukitaka kununua mafuta tete ya jamii ya michungwa, yaani mafuta ya harufu yanayoruka hewani upesi, wengi watakwambia unuse kwanza. Mimi nakwambia ujiulize kwanza swali moja: mafuta haya yatabaki kwenye ngozi, na ngozi hiyo itatoka juani? Jibu lake linaondoa nusu ya chupa zilizo mezani kabla hujafungua kifuniko hata kimoja. Harufu, bei na kudumu vinafuata baadaye.

Nalitanguliza jua kwa sababu natengeneza sabuni na mafuta ya mwili hapa pwani, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Dada, hii ya limau si ndiyo inayotoa madoa usoni?" Muulizaji mara nyingi ameshazoea kukata ndimu na kujisugua nayo mashavuni kabla ya kwenda sokoni. Namjibu: "La, mama. Ukitoka nayo juani, hii ndiyo inayoyaleta." Wengine huondoka hawajaridhika, kwa hiyo hapa naeleza kwa nafasi.

Mafuta yako wapi, na hutolewaje

Chukua ganda la chungwa, likunje karibu na mwali wa mshumaa. Utaona cheche ndogondogo zikiruka na kusikia mlio mwembamba wa kupasuka. Kilichowaka ni mafuta tete yenyewe. Yamo kwenye vifuko vidogo vya ganda la juu, lile lenye rangi. Hayamo kwenye maji ya tunda wala kwenye ule utando mweupe.

Viwandani ganda hukwaruzwa na kubanwa bila moto, kisha mafuta yakatenganishwa na maji kwa mashine inayozunguka kwa kasi. Hiyo ni njia ya kukamua kwa baridi, na ndiyo inayotumika kwa sehemu kubwa ya mafuta ya chungwa, limau, bergamoti (tunda nitakalolieleza chini), balungi na chenza. Njia ya pili ni ya mvuke, ile ile ambayo Pemba hutumia kutoa mafuta ya makonyo ya karafuu: mvuke hupanda na harufu, hupozwa, mafuta yakajitenga na maji.

Usiipuuze tofauti hii hata kidogo. Kukamua huchukua kila kilichomo gandani, pamoja na vitu vizito visivyoruka hewani: nta, rangi, na kundi la kemikali liitwalo furokumarini. Mvuke huviacha hivyo nyuma. Furokumarini zikiwa kwenye ngozi hunasa mwanga wa UVA wa jua, zikajishikiza kwenye DNA ya seli na kuiharibu. Hutahisi kitu siku hiyo. Baada ya siku moja mpaka tatu ndipo ngozi inawaka kama iliyomwagikiwa maji ya moto, wakati mwingine na malengelenge, na ikipona huacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi. Weusi wa ngozi zetu hauzuii jambo hili. Wekundu hauonekani sana kwetu, lakini doa linaonekana vizuri sana. Na mwanga wa UVA hupita kwenye mawingu, hupita hata kwenye kioo cha dirisha la gari, kwa hiyo "leo hakuna jua" si kinga.

IFRA, shirika la kimataifa la watengenezaji wa manukato, limeweka vikomo kwa bidhaa zinazobaki kwenye ngozi inayopata jua. Nimevigeuza kuwa matone, kwa makadirio ya matone 20 kwa mililita moja:

| Mafuta | Kikomo | Matone katika ml 30 za mafuta ya kupaka |
|---|---|---|
| Bergamoti ya kukamua | 0.4% | 2 |
| Ndimu ya kukamua | 0.7% | 4 |
| Danzi (ganda) | 1.25% | 7 |
| Limau ya kukamua | 2% | 12 |
| Balungi | 4% | 24 |
| Chungwa tamu, chenza | hakuna kikomo cha jua | tazama chini |
| Ndimu na limau za mvuke, bergamoti iliyoondolewa furokumarini | hakuna kikomo cha jua | tazama chini |

Kukosa kikomo cha jua hakumaanishi umimine. Mafuta tete yoyote yanaweza kuwasha ngozi yakizidi. Kwa mwili mzima nisingevuka 2%, yaani matone 12 katika mililita 30 za mafuta ya nazi, alizeti au ufuta; kwa uso, 1% inatosha. Dropa nazo hazifanani, nyingine hutoa matone madogo sana, kwa hiyo anayetengeneza za kuuza anunue mizani ndogo ya dijitali na kupima kwa gramu.

Kuna hesabu moja ambayo watengenezaji wengi wadogo huisahau. Ukichanganya mafuta mawili yenye kikomo, huwezi kuweka kila moja mpaka mwisho wake. Ukitumia nusu ya nafasi ya limau, matone 6, imebaki nusu ya nafasi ya bergamoti, tone 1. Ngozi hupokea jumla ya furokumarini zote, zimetoka chupa gani haijalishi. Ukivuka vikomo hivi, sehemu iliyopakwa isipate jua kwa muda wa saa 12 angalau.

Vikomo hivi ni vya vitu vinavyobaki mwilini. Sabuni ya kuogea inasuuzwa na maji, haimo katika hesabu hiyo.

Chungwa na limau: la kusafishia na la kunusa

Hawa ndio ndugu wawili wanaoshindaniwa zaidi madukani, na kwangu kila mmoja ana kazi yake.

Mafuta ya chungwa tamu ni limonini karibu yote, takriban 95 kwa mia. Limonini ni kiyeyusho. Weka tone moja la mafuta ya chungwa juu ya kipande cha lile povu jeupe gumu linalofungiwa televisheni mpya, kisha uangalie: povu linazama, linafanya shimo lenye kingo zinazonata, kama vile limeguswa na pasi. Kinachotokea kwenye povu hilo hutokea pia kwenye gundi ya stika, kwenye chingamu iliyoganda kwenye sketi ya shule, kwenye mafuta mazito yaliyokauka pembeni mwa jiko. Viwanda vya vitoa-grisi hutumia limonini kwa sababu hiyo hiyo.

Limau lina limonini pungufu, kama theluthi mbili tu. Sehemu iliyobaki ni beta-pinini, gama-terpinini, na sitrali ambayo ni asilimia mbili au tatu tu lakini ndiyo inayoifanya pua iseme "limau". Kwa kuyeyusha grisi, kwa hiyo, chungwa linalishinda limau. Tena ni rahisi zaidi kwa bei: mafuta ya chungwa ni zao la pembeni la viwanda vya juisi, na Brazili, hasa jimbo la São Paulo, inakamua machungwa mengi kiasi kwamba mafuta yake huuzwa kwa mapipa. Limau hutoka zaidi Argentina, mkoa wa Tucumán, na Sicily nchini Italia. Bei yake iko juu ya ile ya chungwa, ingawa si ya kutisha.

Basi limau lina faida gani? Harufu. Harufu ya chungwa ni tamu, ya utoto, ya pipi. Ya limau ni kali na safi. Chumba kilichofungwa muda mrefu, jokofu lililobeba samaki, choo cha wageni: hapo nachukua limau. Kuna pia utafiti uliofanywa Iran na kuchapishwa mwaka 2014, ambapo wajawazito 100 waligawanywa makundi mawili. Walionusa mafuta ya limau yaliyozimuliwa walipata nafuu ya kichefuchefu kuliko wenzao. Ni utafiti mmoja na wa muda mfupi, siwezi kuujengea nyumba. Lakini tone moja kwenye leso ni jambo dogo, na mama anayetapika asubuhi anastahili kujaribu, baada ya kumwambia mkunga wake.

Wanaosafisha kwa mafuta haya wakumbuke mambo matatu. Hayachanganyiki na maji. Ukitia matone kwenye ndoo yataelea, na utakapochovya mkono yatakupaka makali yake yote. Yachanganye kwanza na sabuni ya maji, ndipo uongeze maji. Hii ndiyo sababu pia ya kutoyadondosha moja kwa moja kwenye maji ya kuoga, hata chungwa lisilo na shida na jua. La pili, yanalainisha plastiki laini na kuondoa vanishi ya samani, hivyo ujaribu kwanza mahali pasipoonekana. La tatu ni moto: mvuke wa limonini huweza kushika mwali kuanzia joto la nyuzi 48 hivi, na jiko lililotoka kupika linazidi hapo kwa mbali. Jiko lipoe kabisa. Kitambaa kilicholowa mafuta hayo kisitupwe karibu na mkaa.

Asiyetaka kununua kitu kwa kazi hii, na ambaye machungwa ya Muheza anayapata kwa bei ya msimu, ajaze maganda kwenye chupa, amimine siki nyeupe mpaka yafunikwe, aache wiki mbili, achuje. Si mafuta tete, lakini sinki litang'aa na kunukia.

Bergamoti na chungwa: manukato ya mwili

Bergamoti ni tunda ambalo wengi wetu tumelinusa bila kuliona. Harufu iliyomo kwenye chai ya Earl Grey ndiyo hiyo. Mti wenyewe hustawi karibu sehemu moja tu ya dunia: ukanda mwembamba wa pwani ya Calabria, kusini kabisa mwa Italia, kuzunguka mji wa Reggio. Pengine hulimwa Ivory Coast pia, lakini sehemu kubwa mno ya mafuta ya bergamoti duniani imetoka Calabria. Watu wa huko walikuwa wakibana maganda kwa mikono juu ya sponji mpaka mwaka 1844, Nicola Barillà alipotengeneza mashine ya kuzungusha matunda na kuyakwaruza. Tangu 2001 mafuta ya Reggio Calabria yana ulinzi wa jina katika Umoja wa Ulaya. Yanahitajika matunda kama kilo 200 kupata kilo moja ya mafuta, na mavuno ni kuanzia Novemba hadi Machi. Hapo unaelewa bei.

Kinachokufanya ulipe ni kwamba bergamoti si limonini tupu. Limonini humo haifiki nusu. Sehemu kubwa iliyobaki ni linaloli na asetati ya linalili, vitu vile vile vinavyoipa lavenda harufu yake ya utulivu. Kwa hiyo unapata mwanzo mchangamfu wa ndimu, kisha katikati yake ua. Chungwa likipakwa mkononi huruka upesi, likaacha utamu kidogo. Bergamoti nayo huruka, lakini inaaga polepole zaidi, na ikichanganywa na udi, msandali au karafuu kidogo hufungua mlango wa harufu hizo nzito bila kuzifunika. Johann Maria Farina alijenga juu yake maji ya manukato aliyoyauza katika mji wa Köln kuanzia 1709, na mpaka leo ni vigumu kupata manukato ya wanaume yasiyo na chembe yake.

Sasa tatizo. Bergamoti ya kukamua ndiyo yenye kikomo kikali kuliko zote kwenye jedwali, kwa sababu ya furokumarini iitwayo bergapteni. Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wa ngozi Ulaya waliwaona watu wenye michirizi ya kahawia shingoni, iliyoshuka sawasawa na njia ya tone la manukato lilivyotiririka. Jua lililowapata lilikuwa la Ulaya. La kwetu, chini ya ikweta, mchana kutwa, mwaka mzima, halina huruma hiyo.

Dawa ipo. Inauzwa bergamoti iliyoondolewa furokumarini, kwenye lebo huandikwa FCF. Harufu yake inakaribiana sana na ile ya asili; pua iliyozoea itaona imepungua ubichi wa kijani kidogo. Ni hiyo ninayoisisitiza kwa mafuta ya mwili, losheni, manukato ya kujipaka shingoni, na kwa vyovyote mafuta ya watoto wakubwa. Muuzaji asiyejua kama bergamoti yake ni FCF au siyo, ichukulie kuwa siyo.

Na kama FCF haipatikani ulipo? Chukua chungwa. Nalisema hili kwa moyo wote kwa sababu naona watengenezaji wanaong'ang'ania bergamoti kwa jina lake tu, huku mafuta yao yakienda kwa mabinti wanaotembea juani kutwa. Chungwa tamu 1.5%, na pamoja nalo tone moja au mawili ya lavenda, litakupa sehemu nzuri ya ile tabia ya bergamoti, kwa bei ndogo, bila hofu.

Kuhusu kutuliza mawazo na kuleta usingizi: bergamoti na chungwa vyote viwili vimejaribiwa kwenye tafiti ndogondogo za wasiwasi, kwa mfano vyumba vya kusubiri wagonjwa, na matokeo ni ya kutia moyo ila si ya kutegemewa kama tiba. Harufu nzuri hupumzisha. Anayekosa usingizi wiki nzima aende kwa daktari.

Ndimu: chupa mbili zenye jina moja

Ndimu inahitaji uangalifu wa peke yake kwa kuwa chupa mbili zilizoandikwa vivyo hivyo zinaweza kuwa na vitu viwili tofauti. Ya kukamua ina harufu ya ndimu iliyokatwa sasa hivi, na rangi ya kijani au manjano. Hiyo ina kikomo cha 0.7%. Ya mvuke ni angavu, karibu haina rangi, na ukiinusa utakumbuka soda ya kola. Si kwa bahati: katika kuitoa, tunda zima lililopondwa huchemshwa pamoja na maji yake makali, asidi ikavunja sehemu ya sitrali na kuzaa vitu vingine kama terpineoli, na harufu hiyo ndiyo iliyoingia katika soda za kola tangu zamani. Haina furokumarini, haina tatizo la jua.

Kwa mtengenezaji wa mafuta ya mwili au losheni ya wanaume, ndimu ya mvuke ni chaguo zuri ambalo wengi hawalijui. Ya kukamua nawaachia wapenda kunukisha chumba.

Na ndimu ya kukata jikoni, ile ya kusugua usoni? Maji yake ni asidi kali na ganda lake limebeba furokumarini zote za ndimu ya kukamua, bila kipimo. Hata anayekamua ndimu nyingi kwenye samaki wa kuchoma ufukweni saa saba mchana anaweza kuamka keshokutwa na mikono yenye mabaka. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kurudi juani.

Balungi na chenza nitavipitia haraka. Balungi ni limonini kama chungwa, na harufu yake ya pekee inatokana na chembe ndogo sana ya nutkatoni; linapendwa na vijana, linapotea upesi, na bei yake sioni inalipa. Chenza ni laini kuliko yote, tamu bila ukali, na ndilo ningelichagua kwa chumba cha mtoto aliyevuka miaka miwili, tone moja au mawili hewani, dirisha wazi. Danzi lina ganda lenye kikomo, lakini maua yake hutoa neroli, mafuta ya bei kubwa kutoka Tunisia na Morocco: maua karibu tani moja kwa kilo moja. Ni manukato ya harusi, hayashindani na haya.

Kwenye sabuni, wengi hukimbia

Hapa ndipo pua ya mtengenezaji inapoumia. Ukimwaga mafuta ya limau kwenye sabuni ya kostiki wakati uji umeanza kuwa mzito, chumba kizima kinanukia peponi. Rudi baada ya wiki sita za kukausha: kipande kinanukia sabuni. Kostiki na joto la kugandia huivunja sitrali, na limonini nyingine imeshapaa zake.

Chungwa la kawaida hudumu kidogo kuliko limau, na hutia rangi ya manjano hafifu inayopendeza. Linalodumu kweli ni lile liitwalo la mara kumi, ambalo sehemu kubwa ya limonini imeondolewa ili vilivyobaki, yaani vitoa harufu vizito na rangi, vibaki vimekolea. Ni ghali kwa mililita lakini unatumia kwa faida. Ndimu ya mvuke nayo hujitahidi. Bergamoti kwenye sabuni ya kostiki naiona ni hasara ya pesa: asetati ya linalili huvunjwavunjwa na kostiki, ukabaki na kivuli.

Ukitaka sabuni inukie limau mpaka kipande cha mwisho, usitumie limau. Tumia mchaichai. Mafuta yake ni sitrali kwa sehemu kubwa, mara nyingi asilimia 70 au zaidi, kwa hiyo hata ikipotea nyingi inabaki ya kutosha. Hutolewa hapa hapa kwetu, Zanzibar na bara, na unaweza kulipata jipya. Mchanganyiko wangu ni chungwa sehemu tatu, mchaichai sehemu moja, makonyo kidogo sana ya kushikilia chini. Jumla isivuke 3% ya uzito wa mafuta ya sabuni. Mchaichai haina tatizo la jua, ila sitrali huwasha ngozi nyepesi, kwa hiyo kwenye vitu vya kupaka iwe 0.5% au chini ya hapo.

Jambo moja la mbu, maana kila mwaka mvua zikianza naulizwa. Chungwa, limau na ndimu hufukuza mbu kwa muda mfupi tu, huruka kabla mbu hawajamaliza kazi. Kile kinachopendekezwa na wataalamu wa afya chenye neno "limau" kwenye jina lake hutokana na mkaratusi wenye harufu ya limau, kikasafishwa kuongeza kemikali ya PMD, na si hiki cha ganda la tunda. Chandarua kisivuliwe ukutani kwa ajili ya chupa ya harufu.

Kununua, kujaribu, kutunza

Kwenye lebo tafuta jina la kisayansi: Citrus sinensis kwa chungwa tamu, Citrus limon kwa limau, Citrus bergamia kwa bergamoti, Citrus aurantifolia kwa ndimu. Tafuta njia ya kutolea, nchi, na tarehe. Chungwa huchakachuliwa mara chache kwa kuwa lenyewe ni rahisi. Bergamoti huchakachuliwa sana, kwa linaloli na asetati ya linalili za kiwandani, na pua peke yake haiwezi kukuokoa. Anayenunua kwa lita aombe ripoti ya maabara ya GC-MS, kipimo kinachoonyesha kila kilichomo kwenye mafuta, ya shehena hiyo hiyo.

Kwa anayenunua chupa ndogo, karatasi nyeupe inasema mengi. Dondosha tone, andika jina kando yake, iache kivulini mpaka kesho. Mafuta ya mvuke hayaachi kitu. Ya kukamua huacha kivuli chepesi cha manjano, wakati mwingine ukigusa unahisi nta kidogo. Hiyo ni halali yake. Ukiona duara linalong'aa, linalopitisha mwanga ukiinua karatasi dirishani, umeuziwa mafuta ya kupikia yaliyotiwa harufu.

Mafuta ya jamii hii huzeeka haraka kuliko karibu yote mengine. Limonini ikikutana na hewa hugeuka polepole kuwa hidroperoksidi, na hizo ndizo zinazowapa watu mzio wa ngozi, si limonini mbichi. Joto la pwani linaharakisha. Nunua chupa ndogo ya kioo cha kahawia, uifunge vizuri, uiweke kwenye friji mahali ambapo mtoto hafiki, uandike tarehe uliyoifungua. Ikibaki nusu, ihamishie kwenye chupa ndogo zaidi ili hewa isikae juu yake. Baada ya mwaka mmoja tangu kuifungua nisingeipaka mtu. Dalili za uzee ni wazi: uchangamfu umepotea, inanukia tapentaini, na shingoni mwa chupa pana utando unaonata vidoleni.

Usinywe tone hata moja, haidhuru umesoma wapi kuhusu kusafisha tumbo. Mtoto aliyemeza asitapishwe, apelekwe hospitali na chupa mkononi, kwa sababu mafuta haya yakiingia mapafuni wakati wa kutapika yanaleta madhara makubwa. Mwenye paka asipulizie limonini nyumbani, maana ini la paka halina uwezo wa kuisafisha vizuri. Na asimsugue mnyama wake kwa mafuta ya chungwa kuondoa viroboto.

Mwenye pesa ya chupa moja tu achukue chungwa tamu la kukamua, mililita 10 au 30. Litafanya kazi ya kupaka, ya kunusa na ya kusafisha. Chupa ya pili iwe mchaichai kama unatengeneza sabuni, bergamoti ya FCF kama unatengeneza manukato, limau kama ni ya nyumba tu. Na ile ya chungwa itakapozeeka, usiimwage: vaa glavu, itie kwenye kitambaa, uikwangulie gundi ya stika kwenye mitungi ya kioo unayotaka kuitumia tena, kisha uoshe mitungi kwa sabuni.